Mashine pepe ikizima, usikimbilie kupiga Windows upya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nipinge ushauri mmoja ulioenea kwenye vibanda vya mafundi na makundi ya WhatsApp: kwamba mashine pepe ikikataa kuwaka, ikiganda au ikizima ghafla, dawa ni kuifuta programu yake, na ikishindikana, kupiga Windows upya. Mara nyingi dawa hiyo haitibu kitu, na mara nyingine inaua hata kile kilichokuwa kizima. VirtualBox huhifadhi mashine zake katika folda iitwayo VirtualBox VMs, ndani ya folda ya mtumiaji kwenye diski C. VMware Workstation huziweka chini ya Documents, katika Virtual Machines. Fundi akiifomati C bila kuuliza, kila kilichokuwa ndani ya mashine kimekwenda: mfumo, programu, na kazi ya miezi kadhaa.

Kwa asiyeifahamu, mashine pepe ni kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Ile ya nje tunaiita mwenyeji, ya ndani mgeni. Mwanafunzi wa mitandao huitumia kujifunza Linux bila kuigusa Windows yake; mhasibu huitumia kuendesha programu ya hesabu ya zamani ambayo Windows mpya imeikataa. Nitaisema zaidi VirtualBox, kwa kuwa ni ya bure na ndiyo iliyojaa kwenye kompyuta za wanafunzi. VMware Workstation Pro nayo imekuwa ya bure kwa watu wote tangu Novemba 2024, na mengi ya haya yanaihusu vilevile.

Kabla ya kugusa chochote, jua nani ameanguka. Skrini ya bluu ikitokea ndani ya dirisha la mgeni huku Windows yako ya nje ikiendelea kama kawaida, tatizo liko kwa mgeni: draiva zake (programu zinazoongoza vifaa), diski yake, au kumbukumbu uliyompa. Dirisha lenyewe likitoweka, au likaandika Guru Meditation (jina walilolirithi kutoka kompyuta za Amiga za miaka ya 1980), basi programu ya mashine pepe imekwama, na mara nyingi sababu iko kwenye prosesa au draiva yake. Kompyuta nzima ikizima au ikirudi kuwaka yenyewe, mtazame mwenyeji: joto, RAM, umeme, au draiva iliyojichomeka ndani ya Windows. Hizi ni hali tatu tofauti, na anayezichanganya atabadilisha RAM wakati kosa liko kwenye kadi ya mtandao.

Hatua ya pili ni kusoma logi, yaani daftari ambamo programu huandika kila inachofanya. Kwenye VirtualBox bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya jina la mashine, uchague Show Log. Au fungua folda ya mashine hiyo, ndani yake kuna folda ya Logs. VBox.log ni ya safari ya mwisho, VBox.log.1, .2 na .3 ni za safari zilizotangulia. Kila unapoiwasha mashine, logi zote zinasogea nyuma hatua moja na ile ya zamani kabisa inatupwa. Ndiyo maana mtu anayewasha mara kumi mfululizo akitegemea bahati anajifutia ushahidi wake mwenyewe. Mashine ikianguka, nakili folda ya Logs kwanza, kisha jaribu unachotaka. Kwenye VMware, faili ni vmware.log, ndani ya folda ya mashine, na za nyuma zina namba: vmware-0.log na kuendelea. Mashine ikikataa kabisa kuanza kwenye VirtualBox ya Windows, tazama pia VBoxHardening.log, ambalo huandika ni programu gani ya nje, mara nyingi antivirusi, iliyojaribu kujipenyeza wakati wa kuwaka.

Hapa kuna mtego mmoja. Kisanduku cha kosa cha VirtualBox huonyesha kwa herufi kubwa namba 0x80004005, E_FAIL. Watu huinakili namba hiyo kwenye Google wakapata majibu elfu yasiyofanana, kwa sababu maana yake ni "imeshindikana" basi. Neno la kutafuta ni lile linaloanza na VERR_, ambalo huwa kwenye sentensi ya juu yake. Hilo ndilo linalosema kitu.

VERR_ zinazowasumbua wengi zinahusu prosesa. VERR_VMX_MSR_ALL_VMX_DISABLED ina maana kwamba prosesa ya Intel inao uwezo wa VT-x, yaani wa kubeba mashine pepe, lakini umezimwa kwenye BIOS, mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka. VERR_SVM_DISABLED ni hilohilo kwa AMD. Intel walianza kuuza prosesa zenye VT-x mwaka 2005, AMD wakafuata 2006, kwa hiyo karibu kila laptop ya mtumba inayouzwa leo inao uwezo huo. Shida ni kuuwasha. Zamani VirtualBox iliweza kuendesha mgeni wa biti 32 bila msaada wa prosesa, ila kuanzia toleo la 6.1 la Desemba 2019 njia hiyo imeondolewa. Maelekezo ya zamani ya mtandaoni yanayosema "zima VT-x kwenye mipangilio ya mashine" hayana kazi tena.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, kisha CPU, utazame mstari wa Virtualization. Ukisema Disabled, ingia BIOS: kwenye HP ni F10 wakati wa kuwaka, Dell F2, ThinkPad F1. Mipangilio hiyo hukaa chini ya Security, Advanced au Virtualization Support, kutegemea kampuni. Intel huiita Virtualization Technology au VTx. AMD huiita SVM Mode. Iwashe, hifadhi, kisha zima kompyuta kabisa badala ya kuiristati tu, maana zipo ambazo hazishiki badiliko hilo mpaka umeme ukatike. Angalizo kwa wenye BitLocker, kufuli la diski la Windows: kubadili BIOS kunaweza kuifanya Windows idai namba ya kufungulia yenye tarakimu 48. Ichapishe au iandike pembeni kabla ya kuanza. Bila namba hiyo hakuna fundi wa kukusaidia, hata umlipe nini.

Sasa ugomvi wenyewe, ambao kwa maoni yangu ndio unaoongoza kwa kusingiziwa RAM. VT-x imewaka, kompyuta ina nguvu, lakini mashine pepe inaburuta miguu kama iliyobeba gunia, au inaanguka kila baada ya dakika chache. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na zizi hapa ni VT-x. Windows ina fahali wake, Hyper-V, programu yake yenyewe ya mashine pepe, ambaye akiwashwa hukaa chini ya Windows yenyewe na kushika prosesa yote. VirtualBox au VMware zinapokuja, zinakuta nafasi imekaliwa. Kwa miaka mingi zilikataa tu kuwaka. VirtualBox 6.0 ya Desemba 2018 ilikubali kupanda juu ya mgongo wa Hyper-V, na VMware 15.5.5 ya mwaka 2020 nayo ikafuata. Lakini mashine inayobebwa mgongoni huenda polepole, na baadhi ya wageni huanguka. Ukiona alama ya kobe wa kijani chini ya dirisha la VirtualBox, ndipo ulipo. Ndani ya logi kuna maneno Snail execution mode is active, yaani mwendo wa konokono. Walioandika programu walijua wanachokisema.

Wengi huapa kwamba hawajawahi kuwasha Hyper-V. Ni kweli hawakuiwasha kwa jina. Waliwasha Docker Desktop ya kuendesha programu ndani ya makasha, au WSL2 ya kuendesha Linux, au Windows Sandbox, au kompyuta mpya ilikuja na Memory integrity ikiwa imewashwa tayari. Vyote hivyo vinamwamsha fahali yuleyule. Bonyeza Windows na R, andika msinfo32, kisha soma mstari wa mwisho wa ukurasa wa kwanza. Ukiona "A hypervisor has been detected", jibu umelipata.

Kumlaza kuna mpangilio wake. Fungua Windows Security, nenda Device security, kisha Core isolation, uzime Memory integrity. Halafu Windows na R tena, andika optionalfeatures, uondoe alama kwenye Hyper-V, Virtual Machine Platform, Windows Hypervisor Platform na Windows Sandbox. Kisha fungua Command Prompt kama Administrator, uandike bcdedit /set hypervisorlaunchtype off. Mwisho, kwenye dirisha hilohilo andika shutdown /s /t 0. Usitumie Shut down ya kwenye menyu, kwa sababu Fast Startup ikiwa imewashwa, Windows hailali kabisa. Inahifadhi sehemu ya ndani ya mfumo kwenye diski na kuirudisha ilivyokuwa, ukadhani umefanya yote na hakuna kilichobadilika. Ukiwasha tena, rudi msinfo32 uhakikishe ule mstari umeondoka. Kobe naye atakuwa amekwenda. Ukitaka kurudisha mambo yalivyokuwa, amri ni ileile, mwishoni ukiandika auto badala ya off, na alama ulizoziondoa unazirudisha.

Hayo yana gharama. Docker na WSL2 hazitawaka mpaka umrudishe fahali. Memory integrity nayo huzuia draiva mbovu kuingia ndani ya mfumo. Kwenye kompyuta inayochomekwa flashi za kila mtu na inayotumika kuingia benki, mimi nisingeizima. Mtu wa namna hiyo akiwa na Windows Pro, afadhali aachane na VirtualBox, amtumie Hyper-V mwenyewe kuendesha wageni wake, maana hapo hakuna wa kugombana naye. Windows Home haina Hyper-V Manager, hivyo mwenye Home inabidi achague kati ya Docker na mwendo wa haraka. Na kama ni kompyuta ya ofisi na mstari ule hauondoki hata ufanye nini, huenda umewashwa na sera za idara ya TEHAMA. Waulize wao kabla hujaanza kupekua rejista.

Kumbukumbu na prosesa kwa kiasi. Laptop nyingi za mtumba kama EliteBook 840 G3 au Latitude E7470 zina i5-6300U, ambayo ni koa mbili halisi (vichwa vya kazi ndani ya prosesa) zenye nyuzi nne za kazi. Windows huonyesha nne, na mwenye tamaa huzigawa zote kwa mgeni. Matokeo yake mwenyeji hukosa pa kufanyia kazi, kipanya kinaganda, na mwenyewe anadhani programu imekufa. Mpe mgeni moja, zikizidi mbili. Kwenye i5-8250U yenye koa nne, mpe mbili. Kwenye RAM, kanuni ya kutozidi nusu inatosha: ukiwa na GB 8, mgeni apate MB 4096 na si zaidi, na vivinjari vya nje vifungwe. Windows 11 kama mgeni inadai angalau GB 4 za RAM, koa mbili, diski ya GB 64 na chipu ya usalama ya TPM 2.0 (ndiyo maana ni lazima VirtualBox 7.0 au ya baadaye, iliyoanza kuiga TPM mwaka 2022), kwa hiyo kwenye laptop ya GB 4 usijisumbue nayo. Hapo weka Linux ya seva isiyo na madirisha kwa MB 1024, itakufundisha kazi zote za mtandao na haitakuzimia. Ukiona VERR_NO_MEMORY kwenye logi, mwenyeji ameishiwa. Usipunguze wala kuzima page file ya Windows kwa kudhani unaongeza kasi. Unaondoa chumba cha akiba.

Kompyuta nzima ikizima kwa kishindo kimoja, bila skrini ya bluu, tena baada ya dakika kumi au ishirini za kazi, shuku joto. Mashine pepe huipa prosesa kazi mfululizo ambayo kuandika barua hakuipi. Prosesa nyingi za Intel za laptop zina kikomo cha joto cha nyuzi 100 za Selsiasi. Zikikaribia hapo hupunguza mwendo, na zikishindwa kupoa kompyuta hujizima ili isiungue. Weka Core Temp au HWiNFO, tazama namba zinavyopanda mgeni akifanya kazi. Zikikaa juu ya 95, fungua kifuniko, safisha feni na mapezi ya shaba, badilisha pesti ya joto. Hii ndiyo kazi ambayo kibanda cha fundi kinaifanya vizuri na kwa bei nafuu, wala haihusiani na Windows hata kidogo. Kwenye Event Viewer utaona Kernel-Power 41. Hiyo inasema tu kwamba umeme uliondoka bila kuaga. Fungua Details uitazame BugcheckCode: ikiwa ni 0, kwa kawaida hakukuwa na skrini ya bluu, kwa hiyo rudi kwenye joto, betri, chaja na waya. Ikiwa ni namba nyingine, ilikuwepo, na kuna faili la kusoma, nitalifikia.

RAM mbovu ina tabia ya kinyonga. Kompyuta inafanya kazi siku nzima, lakini ukiwasha mgeni wa GB 4 inaanguka, leo kwa kosa hili, kesho kwa lile. Sababu ni kwamba mgeni anachukua kipande kikubwa kwa mkupuo mmoja, na kufika maeneo ambayo kwa kawaida hayaguswi. Pima kwa Memtest86+ kutoka kwenye flashi, uiache usiku kucha. Kosa hata moja linatosha kuihukumu. Zikiwa vijiti viwili, toa kimoja, pima, kisha badilishana, umjue mwenye hatia. Kifaa cha Windows cha mdsched kinasaidia, ila kinapitiwa na makosa ambayo Memtest86+ huyakamata.

Diski sasa, na hapa ndipo kazi za watu zinapopotelea. Diski ya mgeni iliyotengenezwa kwa mtindo wa kukua huanza na GB chache, ikavimba kadiri anavyoandika, na ukifuta vitu ndani haipungui. Umempa GB 50 ukidhani ametumia 10. Kumbe nje faili limefika 38 na C imejaa. VirtualBox ikikosa nafasi husimamisha mashine na kuandika DrvVD_DISKFULL. Mashine hiyo haijafa, imesimama kungoja. Futa vitu kwenye diski ya mwenyeji, kisha uiendeleze. Anayeizima kwa nguvu hapo ndiye anayeharibu. Kulipunguza faili, mgeni aandike kwanza sifuri kwenye nafasi tupu, kwa sdelete -z kwenye Windows au zerofree kwenye Linux, kisha mashine ikiwa imezimwa tumia VBoxManage modifymedium disk ukifuatisha njia ya faili la VDI (ndilo diski ya mgeni) na --compact. Amri ya VBoxManage iko ndani ya C:\Program Files\Oracle\VirtualBox, na Command Prompt haitaijua mpaka uingie kwenye folda hiyo.

Snapshoti zina ubaya wake. Ukipiga snapshoti, yaani kuhifadhi hali ya mashine ili uweze kuirudia, diski ya awali inafungwa na kila badiliko jipya linaandikwa kwenye faili la pembeni lenye jina refu ndani ya mabano ya mawimbi. Mtu akitafuta nafasi huyaona mafaili hayo makubwa yenye majina ya ajabu, akayafuta kwa mkono. Amekata mnyororo katikati, na mashine haitawaka tena. Ziondoe kupitia menyu ya programu tu, ukijua kwamba wakati wa kuziunganisha inahitajika nafasi ya ziada. Usisubiri zifike kumi. Flashi au diski ya nje yenye FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, hivyo diski ya mgeni iliyowekwa humo itakwama ghafla ikifika hapo. Ifomati kwa NTFS au exFAT kabla hujaweka kitu. Usiiweke mashine kwenye folda inayosawazishwa na OneDrive, maana mbili hizo zitalishika faili moja kwa wakati mmoja, na iambie antivirusi iiruke folda hiyo. Kwenye VMware, baada ya kuzima kwa ghafla, mashine inaweza kudai kwamba inatumiwa na mtu mwingine. Hakikisha kweli hakuna VMware inayoendesha, kisha ondoa folda zenye mwisho wa .lck ndani ya folda ya mashine. Hizo ni kufuli tu, hazina data.

Nije kwenye umeme, jambo ambalo waandishi wa mwongozo walioketi Ulaya hawana sababu ya kulikazia, lakini sisi tuliozoea umeme kukatika tunayo. Mgeni anapohifadhi kitu huiambia diski yake: andika sasa hivi. VirtualBox, kwa ajili ya kasi, hulipuuza agizo hilo kama lilivyowekwa kiwandani, na data inakaa njiani. Umeme ukikatika kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, au laptop yenye betri iliyokufa, mgeni anaamka akiwa na mfumo wa mafaili uliochanika. Ili agizo hilo litiiwe, zima mashine, kisha andika kwa mstari mmoja: VBoxManage setextradata "jina la mashine" "VBoxInternal/Devices/ahci/0/LUN#0/Config/IgnoreFlush" 0. Hiyo ni kwa diski ya kwanza ya SATA. Kwa IDE, badala ya ahci andika piix3ide. Vilevile kwenye Storage, hakikisha Use Host I/O Cache haina alama kwenye kidhibiti cha SATA. Kasi itapungua, hasa kwenye diski za kuzunguka, lakini kwa mhasibu naona hiyo ni bei ndogo. Ikiwa uharibifu umeshatokea, mgeni wa Windows mpe chkdsk C: /f, wa Linux muwashe kwa ISO ya Linux inayowaka bila kusakinishwa, uendeshe fsck kwenye diski yake. Na mashine iliyohifadhiwa katikati ya kazi ikianguka kila inapoamka, tumia Discard saved state. Ni sawa na kuchomoa waya, kilichokuwa hakijahifadhiwa kitapotea, lakini diski inabaki.

Picha na mtandao nitavipitia haraka. Mgeni akianguka au kuwa mweusi unapofungua kivinjari au video, ondoa alama ya 3D Acceleration kwenye Display, weka Video Memory MB 128, na kidhibiti kiwe VBoxSVGA kwa Windows, VMSVGA kwa Linux. Guest Additions, draiva za VirtualBox zinazosakinishwa ndani ya mgeni, ziwe za toleo lilelile la VirtualBox ya nje. Wengi husasisha ya nje na kusahau ya ndani. Mwenyeji akitoa skrini ya bluu, mafaili yako C:\Windows\Minidump, na programu ndogo ya BlueScreenView itakuonyesha jina la draiva. Likiwa VBoxNetLwf.sys, hiyo ni draiva ya mtandao wa daraja, unaomwingiza mgeni mtandaoni kama kompyuta huru: sasisha VirtualBox, mweke mgeni kwenye NAT apitie kwa mwenyeji, na kama bado, ondoa alama ya VirtualBox NDIS6 Bridged Networking Driver kwenye sifa za kadi yako ya Wi-Fi.

Kuna mahali ambapo kufuta na kusakinisha upya ni sahihi, nisiwanyime mafundi haki yao. Ni pale logi inaposema VERR_VM_DRIVER_VERSION_MISMATCH, yaani programu ni ya toleo moja na draiva iliyobaki ndani ya Windows ni ya lingine. Futa VirtualBox, ristati, kisha sakinisha kama Administrator. Inayofutwa ni programu tu. Folda ya mashine haiguswi, na Windows haiguswi.

Kwa wenye Linux kama mwenyeji: ujumbe wa Kernel driver not installed (rc=-1908) mara nyingi hutokana na Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwaka, kukataa moduli isiyosainiwa. Ubuntu hukuomba nywila wakati wa kusakinisha, na ukiristati inatokea skrini ya bluu ya Enroll MOK kwa sekunde chache. Wengi huiacha ipite. Usiiache, ingiza nywila ileile. Na tangu kerneli (kiini cha Linux) ya 6.12, KVM, fahali wa Linux yenyewe, hushika VT-x mara tu inapopakiwa, kwa hiyo VirtualBox inaweza kulalamika VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE. Ni ule ugomvi wa mafahali kwa nguo nyingine. Ongeza kvm.enable_virt_at_load=0 kwenye vigezo vya kuwashia kerneli. Wenye Mac za M1 na zilizofuata, mashine iliyotengenezwa kwenye kompyuta ya Intel haitawaka kwenu ndani ya VirtualBox. Wageni wenu ni lazima wawe wa ARM.

Kabla ya kumpelekea fundi, zima mashine kwa njia ya kawaida kama inawezekana, nakili folda yake yote kwenye diski ya nje, snapshoti zikiwemo. Kutoa OVA, faili moja la kubebea mashine, kupitia Export ni kuzuri, ila hubeba hali ya sasa tu na kuziacha snapshoti nyuma. Halafu mpe fundi mambo manne: toleo la Windows, toleo la VirtualBox au VMware, kiasi cha RAM, na logi ya siku ilipoanguka. Akianza kwa kutaja bei ya kupiga Windows bila kuifungua logi hiyo, chukua laptop yako. VBox.log ni maandishi matupu. Ukiizipu inakuwa ndogo sana, unaweza kumtumia fundi mwingine kwa WhatsApp ukiwa bado umesimama mlangoni.

Fundi wa kompyuta,
Dar es Salaam